SHERIA NA TAKWIMU: ELIMU MBILI KATIKA KICHWA KIMOJA

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia





Nimeombwa niseme nanyi juu ya vijana wetu na masomo ya chuo kikuu. Nimechagua jambo moja tu, nalo ni kusoma sheria pamoja na sayansi ya data. Huenda baadhi yenu mkajiuliza jambo hilo lahusianaje na kamati ya Haki na Amani. Naomba mnivumilie, kwani natumaini kabla ya kumaliza tutakuwa tumekwisha kuona uhusiano wake.

1. Shauri nililolitoa kwa haraka

Miaka mitatu iliyopita, baada ya Misa ya pili, alinijia mzee mmoja, mwenyekiti wa jumuiya yake, akiwa na binti yake aliyekuwa amemaliza kidato cha sita. Mzee akasema: "Padre, nisaidie kumwonya mtoto huyu. Anataka kusoma sheria, nami nimekubali. Lakini anataka tena kusoma mambo ya takwimu na kompyuta. Nimemwuliza kama anataka kuwa wakili au fundi wa mashine, hanijibu." Binti alinisalimu kwa shikamoo, akainamisha kichwa, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Nimemjibu baba. Nimemwambia nataka vyote viwili."

Nami, kwa haraka ya mtu anayesubiriwa sakristia, nikamkumbusha methali isemayo kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mzee alifurahi. Binti aliondoka kimya. Leo nasimama mbele yenu kukiri kwamba siku ile nilitoa shauri kabla ya kufikiri. Lililonifanya nifikiri upya ni kisa cha bibi mmoja, ambacho tayari nilikuwa nakijua lakini nilikuwa sijakielewa.

2. Bibi aliyeandikwa kuwa amekufa

Katika parokia niliyotumikia zamani alikuwako mjane mmoja, mkulima, aliyekuwa akipokea fedha kidogo kutoka katika mpango mmoja wa misaada ambao sitautaja. Siku moja akaambiwa kwamba jina lake halimo tena. Karani alitazama kompyuta yake, akasema: "Bibi, hapa inaonyesha umefariki." Bibi akajibu: "Mjukuu wangu, huyu aliyesimama mbele yako ni nani?" Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Karani hakuwa mtu mbaya. Lakini hakuwa na mamlaka ya kuiambia mashine kwamba imekosea.

Tulimtafutia msaada. Wakili mmoja mwema alikubali kumsaidia bila malipo, akaandika barua nzuri yenye vifungu vya sheria. Akajibiwa kwamba "mfumo" hauonyeshi kosa lolote, naye hakujua aulize nini zaidi. Tukampata pia kijana fundi wa kompyuta. Yeye alipotazama karatasi zetu alitambua mara moja kilichotukia: wanawake wawili wenye jina moja, wa vijiji viwili jirani, walikuwa wameunganishwa na kuwa mtu mmoja, na mmoja wao alipofariki, wote wawili wakafutwa. Lakini fundi huyo hakujua ni nani mwenye wajibu wa kusahihisha, wala ni haki gani aliyonayo bibi ya kudai asahihishiwe.

Basi mwenye sheria hakuijua mashine, na mwenye kuijua mashine hakuijua sheria. Ilipita miezi 14 kabla ya jina la bibi kurudishwa, na fedha za miezi hiyo hakulipwa. Katika muda huo aliuza mbuzi wake wote. Ndugu zangu, yule binti niliyemwambia achague kimoja alikuwa anaomba elimu ambayo bibi huyu aliikosa kwa watu wote waliomzunguka.

3. Sayansi ya data ni nini?

Msiogope jina hili. Data ni taarifa zilizokusanywa. Kitabu chetu cha ubatizo ni data; daftari la zaka ni data. Sayansi ya data ni elimu ya kuzikusanya taarifa nyingi na kuzisafisha makosa yake, kuzihesabu ili kuona kama zina mwelekeo fulani, na mwishowe kubashiri yale yasiyojulikana bado. Elimu hiyo imejengwa juu ya hisabati, hasa takwimu na nadharia ya uwezekano, pamoja na ufundi wa kuiandikia kompyuta maagizo.

Ni elimu njema. Kwa njia hiyo wauguzi hujua ni kijiji gani malaria imezidi, na wataalamu wa hali ya hewa hutabiri mvua. Lakini siku hizi elimu hiyo hiyo hutumika kuamua mambo ya mtu mmoja mmoja. Ukiomba mkopo kwa simu, mara nyingi hakuna meneja anayekaa na kukutazama usoni. Programu ya kompyuta hupima taarifa zako, ikakulinganisha na maelfu ya watu inaodhani wanafanana nawe, kisha ikakata shauri. Kukata shauri juu ya mtu ni kazi ya hukumu. Na palipo na hukumu panapaswa kuwa na haki ya kusikilizwa, haki ya kupewa sababu, na haki ya kukata rufaa. Hizo ndizo kanuni ambazo wanasheria wamezilinda kwa karne nyingi.

4. Hesabu ilipoipotosha mahakama

Nitawapa mifano miwili kutoka Uingereza, nchi yenye mahakama za siku nyingi, ambayo sheria zetu nyingi zimetoka kwake.

Mwaka 1999 mama mmoja aitwaye Sally Clark, naye mwenyewe mwanasheria, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la kuwaua watoto wake wawili wachanga. Mashahidi walikuwa wengi, lakini watu walikumbuka zaidi tarakimu moja. Daktari bingwa wa watoto, Roy Meadow, aliiambia mahakama kwamba katika familia ya aina ile uwezekano wa watoto wawili kufa ghafla wakiwa usingizini bila sababu kujulikana ni mmoja kati ya milioni 73. Tarakimu hiyo ilipatikana hivi: uwezekano wa mtoto mmoja kufa namna hiyo ulikadiriwa kuwa 1 kati ya 8,543; kisha 8,543 ikazidishwa kwa 8,543.

Kosa liko wapi? Mkulima yeyote kati yenu aweza kuliona. Tuseme katika mwaka wa ukame shamba moja kati ya kumi hukauka kabisa. Je, twaweza kusema kwamba mashamba mawili yanayopakana kukauka yote ni jambo la mara moja katika mia? Hatuwezi, kwa maana jua lililochoma shamba la kwanza ndilo lililochoma la pili. Vivyo hivyo watoto wa tumbo moja hurithi damu moja na kulala katika nyumba moja. Kifo cha mmoja hakiwezi kuhesabiwa kana kwamba hakihusiani na cha mwingine.

Tena lilikuwapo kosa la pili. Hata kama jambo ni nadra, unadra peke yake hauthibitishi hatia. Mtu akishinda bahati nasibu hatusemi ameiba kwa sababu tu kushinda ni nadra. Mama kuwaua watoto wake wawili ni jambo nadra pia. Ilipasa unadra huu upimwe pamoja na ule, na hakuna aliyewaeleza hayo wazee wa baraza waliokuwa wakisikiliza.

Mwaka 2001 Chama cha Kifalme cha Takwimu cha Uingereza kilitoa tamko hadharani kwamba hesabu ile haikuwa na msingi. Mama huyo aliachiwa huru mwaka 2003, hasa kwa sababu iligundulika kwamba matokeo ya vipimo vya maabara yalikuwa hayakuonyeshwa kwa upande wa utetezi. Lakini majaji wa rufaa waliilaumu pia ile tarakimu. Alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka mitatu. Alifariki mwaka 2007. Katika chumba kile cha mahakama walikuwamo mawakili mahiri wa pande zote mbili na jaji mwenye uzoefu. Elimu iliyohitajika kuizuia tarakimu ile isilete madhara hawakuwa nayo.

5. Mashine iliyoaminiwa kuliko watu

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta la Uingereza liliweka katika ofisi zake ndogo mfumo wa kompyuta wa kutunza hesabu ulioitwa Horizon. Mfumo huo ulikuwa na kasoro. Mara nyingine ulionyesha fedha zimepungua wakati hazikupungua. Wasimamizi wa ofisi hizo, watu wa kawaida kama wenye maduka wetu, waliambiwa walipe upungufu huo, na wengi wakashtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Hadi mwaka 2015 waliokuwa wameshtakiwa walizidi 900. Wengine walifungwa, wengine walifilisika na kutengwa na majirani zao. Wapo ambao jamaa zao wameeleza kwamba walijiua kwa sababu hiyo.

Kwa nini mahakama hazikuwaokoa? Angalieni jinsi sheria na mashine zilivyokutana. Sheria ya ushahidi ya Uingereza ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu atoe dalili kwamba sivyo. Lakini mshtakiwa angeitoa wapi dalili hiyo, ikiwa kumbukumbu zote za mfumo zilikuwa mikononi mwa wale wanaomshtaki? Wengi waliambiwa kwamba wao peke yao ndio wenye shida hiyo, na kumbe walikuwa mamia.

Mmoja wao, Alan Bates, aliyekuwa na ofisi ya posta huko Wales, hakukubali. Aliwakusanya wenzake, na 555 wakafungua shauri pamoja. Desemba 2019 jaji alitamka kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro na makosa. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hatia za watu 39 kwa pamoja, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hatia za wengine kwa mamia. Ushindi ule wa 2019 ulipatikana kwa sababu mawakili na wataalamu wa kompyuta walikaa pamoja, wakasoma kumbukumbu za mashine ukurasa kwa ukurasa, na wakajua kumweleza jaji maana yake.

6. Karibu na kwetu

Msidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti 8. Sehemu kubwa ya shauri lile ilihusu namna matokeo yalivyosafirishwa kwa mitambo. Mahakama iliiagiza tume ya uchaguzi iruhusu wataalamu waikague mitambo yake ya kuhifadhia taarifa. Agizo hilo halikutekelezwa kikamilifu, na majaji walio wengi wakalihesabu jambo hilo dhidi ya tume. Fikirini uzito wa kazi ile: amani ya nchi nzima ikingoja majaji wapime ushahidi ambao jaji wa miaka ya zamani hakuwahi kufundishwa.

Katika nchi hiyo hiyo serikali ilianza mwaka 2019 kuwaandikisha watu wote katika mfumo mmoja wa utambulisho, uliojulikana kwa jina la Huduma Namba. Jumuiya ya Wanubi, ambao kwa miaka mingi wamepata taabu ya kupewa vitambulisho, ilikwenda mahakamani pamoja na wengine, kwa hofu kwamba asiye na karatasi leo atakuwa si mtu kabisa kesho. Walalamikaji walimleta mtaalamu wa kompyuta kutoka India, nchi yenye mfumo mkubwa wa namna hiyo, awaeleze majaji hatari zake. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kukusanywa kwa vinasaba na mahali halisi mtu anapoishi, na ikaagiza mfumo usiendelee mpaka ziwepo kanuni za kutosha za kuulinda. Nauliza: je, siku nyingine hatutaweza kumpata mtaalamu wa namna hiyo katika vijana wetu wenyewe?

Hapa Tanzania, Katiba katika ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaeleza namna ushahidi wa kielektroniki unavyopokelewa mahakamani. Na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yenye tume yake. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazotunzwa na ya kudai zilizokosewa zisahihishwe. Tena inagusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Laiti yule bibi angekuwa nayo wakati ule! Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Wengi wenu mmesikia, katika familia zenu, jinsi baadhi ya wakopeshaji wa simu wanavyowatumia ndugu na majirani ujumbe wa kumwaibisha mdaiwa. Sheria ipo. Wanaoweza kuitumia ni wachache.

7. Namna ya kuisoma elimu hii

Sasa nawageukia wazazi. Njia ni zaidi ya moja. Nchini Australia ni jambo la kawaida mwanafunzi kusoma sheria pamoja na shahada nyingine, kama ya sayansi, akazimaliza zote katika miaka mitano au zaidi. Marekani sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, hivyo mwenye shahada ya hisabati aweza kuingia shule ya sheria. Kwetu sheria ni shahada ya kwanza, na atakaye kuwa wakili huendelea katika Shule ya Sheria. Hivyo kwa wengi wetu njia iliyo rahisi ni kufuatanisha: kuanza na moja, na kuifuatisha ya pili katika shahada ya uzamili au mafunzo ya muda mfupi.

Msingi huwekwa mapema. Kijana anayeitupa hisabati kidato cha pili amejifungia mlango mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Anayedharau historia na lugha amejifungia wa pili. Mchepuo wa Uchumi, Jiografia na Hisabati huunganisha pande zote mbili, lakini kila chuo kina masharti yake. Yasomeni katika mwongozo wa TCU kabla ya kuchagua, wala msitegemee maneno ya barazani.

Sitawaficha ugumu wake. Muda ni mrefu, ada ni kubwa, na lugha za elimu hizi hazifanani. Mwanasheria hufundishwa kuuliza, "Je, ni halali?" Mtaalamu wa data hufundishwa kuuliza, "Je, yaelekea kuwa kweli, na kwa kiasi gani?" Si kila kijana awezaye kuvibeba vyote viwili, wala si lazima. Wakili anayejua takwimu kiasi cha kutambua hesabu mbovu anatosha kuokoa watu wengi. Vivyo hivyo fundi wa kompyuta anayejua haki za wale ambao majina yao yamo katika mashine yake. Lakini jumuiya ikiwa na wachache waliobobea katika elimu zote mbili, imepata mkalimani kati ya watu wawili wasiosikilizana.

8. Onyo

Neno moja la mwisho kama padre. Katika kisa cha posta, shirika lilikuwa na mawakili wake na mafundi wake. Elimu zote mbili zilikuwamo nyumbani. Kilichopungua ni mtu wa kusimama na kusema: "Tumekosea, na watu wanaumia." Elimu pacha bila dhamiri itamfanya mdhalimu awe mahiri zaidi. Katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani, Januari 1, 2024, uliohusu akili bandia na amani, Papa Fransisko alionya juu ya mifumo itakayoamua nani apewe mkopo, nani apate kazi, na nani astahili msaada. Bibi yetu asingehitaji kufasiriwa maneno hayo. Kwa hiyo tunapowasomesha vijana tuwafundishe pia kumtafuta, nyuma ya kila jina katika orodha, mtu aliyesimama kwenye foleni.

9. Hitimisho

Nilikwenda nyumbani kwa yule mzee, nikamwomba binti radhi mbele ya baba yake. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Padre, nami nilikuwa naogopa ada tu." Tukaizungumza ada, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Jumuiya yao imekuwa ikimchangia kidogo kidogo kila muhula. Binti sasa anasoma sheria, na wakati wa likizo anajifunza takwimu na uandishi wa programu, akikusudia kuendelea na shahada ya pili katika elimu hiyo. Ile methali niliyompa nimeibadilisha kwa nyingine, nayo ni hii: kidole kimoja hakivunji chawa.



Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, yuko mtu katika jumuiya yetu aliyenyimwa haki yake kwa sababu ya kosa la orodha au kompyuta? Tulimsaidiaje?

2. Tunajua nini juu ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022? Nani aweza kuja kutufundisha?

3. Sisi wenyewe tunatunza namna gani majina na taarifa za waamini katika vitabu na simu zetu?

4. Vijana wetu wanaipenda hisabati au wanaikimbia? Wazazi na walimu wafanye nini?

5. Jumuiya yaweza kumsaidiaje kijana mmoja mwenye nia ya kusoma elimu hizi lakini hana ada?